Aliyefaulu na Aliyesoma

Siku mzee Akonaay alipofariki, mtu wa kwanza kumfuata binti yake nyuma ya nyumba hakumfuata ili amfariji. Alikwenda kumwomba kwamba siku ya mazishi asitaje jina lake mwenyewe.

Mtu huyo alikuwa mzee Margwe, kaka mkubwa wa marehemu. Alimkuta Marieta ameinamia ungo, macho mekundu, akichambua maharage ya waombolezaji. Katika kijiji chao, kata ya Gehandu, msiba haumsubiri mfiwa amalize kulia. Watu wanafika, na watu wakifika wanakula.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Mzee alitazama huku na huku. "Mwenzako amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Wanakuja na basi la ofisi. Jeneza wanatoa wao. Mchele wanaleta wao, na mashada, na mpiga picha."

"Wanakuja kumzika nani?"

"Baba yake."

"Baba yake si wewe hapa umesimama?"

"Hapa nyumbani, ndiyo. Ofisini kwao baba yake ni Akonaay. Unajua mambo yalivyokaa." Akakohoa. "Sasa wazee tumekaa, tumeona hivi. Siku hiyo yeye ndiye Marieta. Wewe wala hatukupi mzigo. Kijiji kizima kinakuita Mama Frida. Nani anakumbuka jina lingine? Siku moja tu. Utapungukiwa nini?"

Marieta aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. Akaokota jingine, akalitupa karibu zaidi na miguu ya mzee.

"Na Frida wako amemaliza la saba," Margwe akaendelea, sauti ikawa laini. "Mwenzako amesema Januari anamlipia shule ya bweni. Nzuri, ya masista. Kwa hiyo usituharibie."

Alipoondoka, Marieta alibaki ameshika ungo. Hakulia tena siku ile. Hasira ilikausha machozi kama upepo wa Julai unavyokausha matope.

Jambo lenyewe lilianza mwaka 1991, wakati wilaya yao ya Hanang bado iko mkoa wa Arusha na mkoa wa Manyara haujafikiriwa na mtu. Mwaka huo Marieta Akonaay alimaliza darasa la saba. Katika shule yao wasichana wote walifeli isipokuwa yeye. Alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya serikali, na baba yake akanunua sanduku la bati huko Katesh, akalibeba kichwani mwenyewe njia nzima, akipita makusudi mbele ya nyumba za watu.

Desemba mama yake alifariki akijifungua, na mtoto akafa naye.

Kwa Wairaqw wa zamani, na wakati huo wa zamani walikuwa bado wengi, nyumba yenye kifo cha namna hiyo inaingia metimani. Inatengwa. Walio ndani hawakanyagi shamba la mtu, hawachoti maji kwenye kisima cha wote, hawapokei moto wala chumvi kwa mkono, mpaka mvua zipite na wazee waseme yatosha. Padri aliikemea desturi hiyo mimbarini. Lakini padri alifika kijijini mara moja kwa mwezi, na majirani walikuwepo kila siku. Akonaay alikuwa Mkristo, na alikuwa pia mtu mwenye majirani. Alifunga mlango, akakaa ndani na watoto wake wawili, Marieta na mdogo wake Thadei.

Shule ikafunguliwa Januari. Barua ilisema asiyeripoti kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine.

Margwe ndiye aliyekuja na dawa. Hakuweza kuingia uani, hivyo alisimama nje ya ua wa minyaa, akazungumza na mdogo wake kwa kupaza sauti, kila mtu upande wake. Binti yake, Eufrasia, alikuwa rika moja na Marieta na alikuwa amefeli.

"Nafasi isiharibike bure," alisema. "Iwekeni kwangu. Eufrasia akaishike. Mkitoka humo ndani, Marieta anakwenda kuchukua nafasi yake, wangu anarudi."

"Na jina?" Akonaay aliuliza kutoka ndani.

"Jina linakwenda na nafasi. Wewe umeniwekea ng'ombe mara ngapi? Nimewahi kusema ng'ombe ni wangu?"

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wale tu. Huko ng'ombe huwekwa. Mwenye wengi humpa jirani mmoja akae naye. Jirani anakunywa maziwa, anachukua samadi, na siku mwenyewe akimtaka, anamfuata na kamba. Hakuna maandishi. Hakuna aliyewahi kudhulumiwa akanyamaziwa. Kaka wawili, watu wazima, wenye akili zao, walisimama pande mbili za ua wakakubaliana kwamba nafasi ya sekondari ni mnyama wa aina hiyo.

Eufrasia akaondoka na jina. Marieta akakaa metimani, akiwaona wenzake wakipita mbali kwa kuzunguka.

Juni wazee waliwatoa. Wiki hiyo hiyo Akonaay akabeba lile sanduku, akamshika binti yake mkono, wakadandia lori la magunia mpaka njia panda, wakatembea sehemu iliyobaki. Mkuu wa shule, mama mmoja mpole kutoka mkoa mwingine, aliwakaribisha viti. Marieta hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti chenye mto.

"Tumemfuata Marieta Akonaay," baba alisema.

Akaitwa. Aliingia msichana amevaa sketi ya bluu, amenawiri, ananukia sabuni. Alimpigia mkuu wa shule goti kidogo, kisha akamsalimia Akonaay kwa sauti safi ya Kiswahili cha darasani: "Shikamoo, baba."

Mkuu wa shule akatabasamu. "Marieta anafanya vizuri sana, mzee. Wa tatu darasani. Na huyu uliyekuja naye ni nani?"

Ukutani palikuwa na picha ya rais, na mezani palikuwa na mhuri. Akonaay aliutazama mhuri kwa muda mrefu. Mtu huyu aliyekuwa akipigana na fisi zizini kwa rungu aliuogopa mhuri.

"Ni wa jirani," alisema. "Amenisindikiza."

Wakampa Eufrasia njugu walizokuwa wamembebea Marieta ale bwenini, wakarudi. Njiani baba alisema mara moja tu: "Yatapita." Marieta alikuwa na miaka kumi na minne, na alijua tayari kwamba hayapiti.

Kilichofuata kinaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa sababu maisha ya aliyefungiwa mlango yanarudia mambo yale yale. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini. Wanunuzi binafsi walifika na malori hadi mashambani, mitumba ikamwagwa kwenye mnada wa Katesh, na kila mtu aliambiwa sasa ni juhudi yako. Marieta alifanya juhudi. Aliolewa na Hermani, mtu wa taratibu, akazaa Frida, akalima, akanunua maharage na vitunguu saumu kwa wenzake na kuvipeleka mnadani. Kampuni moja ilipotafuta wakala wa kununua mbaazi, aliomba. Waliuliza cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2002 mkoa mpya ulipozaliwa na ofisi zikafunguliwa Babati, aliomba kufagia kwenye ofisi moja. Waliuliza cheti cha kidato cha nne.

"Ufagio nao unasomwa?" alimuuliza karani.

"Mama, ni utaratibu."

Wakati huo Eufrasia alikuwa amefika chuo kikuu, amehitimu, ameajiriwa kwenye taasisi moja ya umma Dar es Salaam, na kila karatasi iliyomhusu ilisema Marieta Akonaay, aliyezaliwa Gehandu. Alirudi nyumbani kila Krismasi akiwa na zawadi. Aliezeka kanisa kwa bati. Alimnunulia mzee Margwe mashine ya kusaga. Aliwalipia ada watoto wa kaka zake, watoto wa Thadei, mtoto wa katekista. Kila nyumba iliyojua ukweli ilipata kitu cha kuufungia ukweli huo mdomo. Nyumba ambayo haikupata ni ile ya Hermani. Eufrasia hakuwa mtu mchoyo. Hakuweza tu kumtazama Marieta usoni.

Mara moja, mwaka 2006, Marieta alikwenda Dar es Salaam kumkumbusha jina lile ni la nani. Eufrasia alimpokea vizuri, akampa chumba chenye feni, akamtambulisha kwa majirani kama "ndugu kutoka nyumbani". Alishinda ofisini hadi jioni, na kila Marieta alipoanza kuongea, simu iliita. Kwa hiyo mtu aliyezungumza naye zaidi alikuwa mlinzi wa getini, Gidahosh, Mbarbaig wa Getanuwas, ambaye alifurahi kumpata mtu wa mlima mmoja naye, Hanang.

"Hapa mjini," Gidahosh alimwambia, "kwanza wanakuuliza uliishia darasa la ngapi, halafu ndiyo wanakuuliza kama umekula. Yule wa nyumba ya jirani alimaliza kidato cha nne, anaendesha gari la bosi. Mke wa yule pale kidato cha sita, anapiga chapa, ana kiyoyozi. Dada yako digrii, ana kiyoyozi na gari. Mimi nililala darasa la nne, ndiyo maana nalala nje."

Alicheka sana. Marieta hakucheka. Alikuwa ameona kwamba mshahara wa mjini ni ngazi, na kila kidato ni kipandio. Eufrasia alikuwa amepanda, hilo halikuwa na ubishi. Mitihani aliifanya mwenyewe, usiku wa kusoma ulikuwa wake. Lakini kipandio cha kwanza, kile kinachomtoa mtu ardhini, kilikuwa cha mwingine. Bila hicho angekuwa mnadani anapanga vitunguu saumu.

Alirudi Gehandu na doti mbili za khanga.

Basi la ofisi lilifika siku ya mazishi saa nne asubuhi, jeupe, limegeuka jekundu kwa vumbi la barabara ya Babati. Eufrasia alishuka wa kwanza, amevaa nguo nyeusi, ameshikwa na wenzake pande zote mbili. Alilia. Tuseme haki, alimlilia mzee kwa kweli, alimpenda. Wanawake wa kijiji wakampokea kwa kilio, na mama yake mzazi, aliyemnyonyesha, akamkumbatia akisema kwa sauti ya kusikika na wageni: "Pole, Marieta wetu. Pole kwa kufiwa na baba."

Marieta alisikia akiwa jikoni, kwenye moto wa wali. Thadei alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Dada, tulia tu. Yatakwisha jioni."

"Na wewe uko upande gani?"

"Nina watoto watatu shuleni, dada. Niko upande wa watoto watatu."

Alitamani kumpiga mwiko. Akageuza wali.

Baadaye akaja mmoja wa wageni, mwanamke mwenye sauti nzuri aitwaye Violeth, amekunja mikono ya gauni, anataka kusaidia. Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumvumilia.

"Wewe ni nani wa Marieta?" aliuliza akimenya vitunguu.

"Tumekua pamoja."

"Kumbe! Mbona hamfanani maisha? Uliishia darasa la ngapi, mama?"

"La saba."

"Aa." Violeth alitikisa kichwa kwa huruma. "Ungekaza kidogo tu. Mwenzako alikaza. Ametusimulia ofisini, tulilia. Msichana pekee aliyefaulu shule nzima. Halafu Desemba hiyo hiyo mama yake anafariki akijifungua, na kichanga naye. Lakini akasema nitakwenda shule. Unaona? Angekata tamaa, leo angekuwa…" Akatafuta neno, akamtazama Marieta na mwiko wake na masizi kwenye vidole, akaliacha neno njiani.

Marieta alisimama.

"Mama yake alifariki?"

"Hukujua? Si mlikua pamoja?"

"Najua. Nilikuwepo. Nilishika taa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Amewaambia na jina lake? La mama?"

"Fransiska, kama sikosei."

Jina la shule alikuwa ameshalizoea kulisikia kwa mwingine. Kufaulu pia. Miaka kumi na saba alijifunza kuvipita kama mtu anavyopita shamba aliloliuza. Lakini Fransiska alikuwa amezikwa hatua chache kutoka hapo, na mama yake Eufrasia alikuwa hai, mnene, ameketi mkekani anakunywa chai. Yaani walichukua hadi kifo. Walikwenda nacho mjini wakakisimulia kwenye viyoyozi.

Alimkabidhi Violeth mwiko. "Angalia usiungue," alisema, akaenda kunawa masizi.

Kaburi lilichimbwa kwenye mtelemko ulioshuka kutoka nyumbani, kando ya Fransiska. Katekista Evarist ndiye aliyeongoza ratiba, akiwa na kipaza sauti walichokuja nacho wageni. Alisoma wasifu: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alioa, alijaliwa watoto, wa kwanza akiwa Marieta, "ambaye leo ni afisa mwandamizi, fahari ya kata yetu". Mpiga picha akampiga Eufrasia picha. Mzee Margwe aliangalia viatu vyake. Mamia ya watu walikuwa wamesimama mtelemkoni, na karibu kila mmoja wao alijua, na hakuna uso uliotikisika.

Udongo wa kwanza uliwekwa na padri. Kisha Evarist akasema: "Sasa tunamwita mtoto wa kwanza wa marehemu, Marieta Akonaay, aje amwage udongo kwa baba yake."

Eufrasia akapiga hatua, ameshikiliwa na wenzake.

Marieta akapita katikati ya watu. Hakukimbia. Thadei alimshika kitenge kwa nyuma. Akakifungua kitenge, akamwachia mkononi, akaenda na gauni lake la kila siku. Alifika mbele, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga. Ulilia juu ya jeneza.

"Mama, subiri kidogo, bado hujaitwa," Evarist alinong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Nimeitwa," Marieta alisema. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kiiraqw, ili wageni wasipate kisingizio. "Umemwita Marieta Akonaay. Ni mimi. Niliyefaulu ni mimi. Huyu amelala hapa alinizaa mimi, na huyu wa pembeni yake, Fransiska, ni mama yangu. Huyo mliyekuja naye anaitwa Eufrasia. Baba yake ni yule pale mwenye koti. Mama yake amekunywa chai yangu asubuhi."

Ng'ombe mmoja alilia ng'ambo ya korongo. Eufrasia alikuwa amefumba macho, amesimama wima kabisa, kama mtu anayesubiri sindano.

Mzee Margwe akapata sauti. "Jamani, msiba umemchanganya. Wanawake, mchukueni, mpeni maji."

Wanawake wawili wakasogea.

"Anishike mtu," Marieta alisema, "niwataje wote mnaolipiwa ada."

Wakasimama pale walipokuwa. Evarist, ambaye mtoto wake alikuwa kidato cha pili, akaigeukia kwaya kwa haraka, akaipa ishara. Kwaya ikaimba. Ikaimba beti zote, ikazirudia, mpaka kaburi likajaa.

Wageni walikula wakitazama sahani. Mkuu wa msafara, Bwana Onesphory, ambaye ndiye aliyeshughulikia mambo ya waajiriwa katika ofisi yao, alimfuata Marieta mahali alipokuwa akikusanya vyombo. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, anayepima maneno.

"Mama," alisema, "mimi leo sikusikia kitu. Nimekwenda misiba mingi. Watu wanasema mengi."

"Ulisikia."

"Nikisikia, ni lazima niandike. Nikiandika, yeye anafukuzwa kesho, na huenda akashtakiwa. Sasa niambie: wewe utapata nini? Cheti hakitakuwa chako. Mtihani hukufanya. Mshahara wake hautakuja kwako hata senti. Fikiria kwa faida."

"Nani amekuambia nataka cheti?"

"Sasa unataka nini?"

Marieta aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Nyie watu! Kila kitu mnauliza kinalipa nini. Nilikuwa namzika baba yangu. Ninyi mlikuja na basi mkaniambia nikapike."

Bwana Onesphory hakuwa amejiandaa kwa jibu lisilo na dai ndani yake. Akasema "pole" na kuelekea kwenye basi, akitembea kama mtu aliyekanyaga kitu asichotaka kukitazama.

Eufrasia alimkuta kwenye zizi. Alikuwa ameondoa miwani, na bila miwani alifanana na yule msichana aliyekuwa akigawana naye mahindi ya kuchoma.

"Umeniua," alisema.

"Nimekuita jina lako."

"Unafikiri nililipenda hili? Nilikuwa mtoto. Waliniambia niende, nikaenda. Nilikuwa nangoja mje kunitoa. Mlikuja, baba mdogo akasema wewe ni wa jirani. Nifanyeje? Nisimame ofisini nimwite muongo?"

"Hukusimama siku ile. Sawa. Na siku zilizofuata?"

Eufrasia aliifuta miwani yake kwa upindo wa gauni.

"Shule ulipewa, mimi sikudai," Marieta alisema. "Mama yangu ulimchukua mwenyewe. Hakuna aliyekutuma."

"Waliuliza kuhusu mama. Niseme nini? Ilibidi pawe na mama." Alishika mti wa zizi. "Unajua baba yangu anaumwa? Unajua siku akifa sitapewa ruhusa hata ya nusu siku? Ofisini mimi nimeshazika."

Kwa kitambo kidogo Marieta alimwona jinsi alivyo, mwanamke mwenye mshahara mzuri na asiye na mzazi wa kumlilia hadharani. Angeweza kumhurumia. Labda angemhurumia mwaka mwingine.

"Basi litakuacha," alisema.

Honi ilikuwa ikilia. Eufrasia alivaa miwani yake. Alipanda basi lile lile, akakaa kiti cha peke yake, na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Violeth alikuwa amekaa nyuma kabisa, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Kama Bwana Onesphory aliandika au hakuandika, Gehandu hawakujua siku ile, wala wiki ile. Walichojua ni kwamba kila nyumba ilianza kuhesabu watoto wake wanaosoma, na kila aliyehesabu alitazama upande wa nyumba ya Hermani kwa chuki.

Kesho yake asubuhi Marieta alikuwa kaburini peke yake, akipanga mawe kuzunguka udongo ili mvua isiuchukue. Hermani alikuwa akiyabeba kutoka korongoni, anayatua, anarudi kufuata mengine. Mama mkubwa wake, mke wa Margwe, alipita njiani na ndoo, hakusalimia. Thadei alikirudisha kitenge, akakitundika kwenye tawi na kuondoka.

Kisha akaja mzee Margwe na fimbo yake. Alisimama upande wa pili wa kaburi, amekasirika, na amezeeka zaidi kuliko jana.

"Shikamoo, baba mkubwa," Marieta alisema bila kuinua kichwa.

Hakuitikia. "Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Watoto tisa wanarudi nyumbani. Tisa! Na Frida wako ndiyo basi tena. Atachunga mbuzi kama wewe. Uliona jina ni bora kuliko mtoto?"

"Mjukuu wa Akonaay atasoma au hatasoma, hilo ni langu na Hermani. Wewe nafasi zetu usizishughulikie tena."

"Nilitaka kusaidia! Nafasi ingeoza!"

"Ingeoza," Marieta alisema. "Ingeoza ikiwa yangu."

Mzee alinyanyua fimbo, labda kumpiga, labda kumnyooshea tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umezama kwenye udongo mpya. Marieta alinyanyuka, ameshika jiwe kubwa kifuani kwa mikono miwili, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ua wa minyaa.

"Sogea, baba mkubwa," alisema. "Umemkanyaga baba yangu."

Mzee Margwe alitazama chini. Akautoa mguu, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na Marieta akalitua jiwe mahali pake.